SOMO LA UFUNDI: GINSI YA KUCHAGUA KARTE-MERE YENYE NAFASI YA KUONGEZA



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo, wadogo zangu wa mwaka wa nne wamekuwa wakinisimamisha mlangoni mwa darasa na kuniuliza neno moja. Wanataka kujitengenezea ordinatere nyumbani, kipande kwa kipande, wapate kujifunza na kuchapa kazi zao. Wanauliza: «Kapita, tununue karte-mere gani?» Mara mbili nimejibu kwa haraka, kengele ikilia. Jibu la haraka si jibu. Mimi mwenyewe nililipa pesa ya nyumbani kwa sababu ya jibu kama hilo. Basi leo nawaandikia somo lote, tulisome pole pole.

1. KARTE-MERE NI NINI

Ukifungua bwatie ya ordinatere, utaona ubao mkubwa uliolala upande mmoja, wenye mistari midogo kama barabara za mji. Hiyo ndiyo karte-mere, ubao-mama. Prosesere inakaa juu yake, bareti za memwari zinachomekwa ndani yake, diski zinafungwa kwake kwa nyaya, na imprimanti, klavye na ekra vinapata njia kwake. Yenyewe haihesabu, haihifadhi barua yako. Kazi yake ni kuwakutanisha wengine wote.

Kwa sababu hiyo kosa la karte-mere ni zito kuliko makosa mengine. Ukinunua bareti ndogo, utaongeza ingine. Ukinunua diski ndogo, utaongeza ingine. Lakini utaongeza wapi, kama ubao hauna mahali? Kuibadilisha karte-mere ni kuvunja mashini yote na kuanza upya.

Hata walioanza kazi hii zamani walijua neno hilo. Ordinatere Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa na sloti 8 za kuchomeka karte. Ile ya IBM iliyotoka mwezi wa nane mwaka 1981 ilikuwa na 5. Watu wa viwanda vingine wakatengeneza karte za kila namna za kuchomeka humo, na mashini moja ikafaa ofisi, shule na nyumba. Hapa Goma, mtu akijenga nyumba ya beto huacha vyuma vinasimama juu ya nguzo, hata kama pesa ya etaje haiko. Sloti ni vyuma hivyo.

2. KOSA LANGU

Mkubwa wangu alitaka kufungua biro ya kuandika na kutoa kopi hapa Majengo. Mama, anayeuza maharagi na vitunguu katika soko la Virunga, alipofikiwa na zamu yake ya likelemba, akatupa pesa yote. Mimi nikatumwa kununua vipande, sababu nyumbani walisema: «Huyu ndiye anasomea mambo hayo.»

Nikaona karte-mere ndogo, nzuri, mpya, ndani ya karto yake. Muuzaji akaniambia: «Mudogo, beba hii, iko ya kisasa.» Sikuhesabu kitu. Niliangalia prosesere tu, na bei. Nikabeba.

Ile karte ilikuwa na sloti moja, mahali pa bareti mbili, na mahali pa nyaya mbili za diski. Siku ya kwanza nikatia karte ya Wi-Fi katika sloti ile moja. Nikatia bareti mbili ndogo, kwa kuwa zilikuwa bei nzuri. Nikafunga diski moja na mashini ya kusoma DVD. Ikawaka. Tulifurahi sana. Wala sikutambua kama mahali pote pameisha kujaa siku ile ile ya kwanza.

Ukafika wakati ambao wanafunzi wa chuo wanaleta TFC zao kuchapwa. Mkubwa wangu akataka diski ya pili ya kuweka kopi za kazi za watu. Mahali hapako. Akataka ekra ya pili, mteja aone anachoandikiwa. Mahali hapako. Nikanunua kile kipande cha kugawa USB moja kuwa nne, nikafunga humo diski ya inje na skaneri pamoja. Diski ikawa inapotea na kurudi, inapotea na kurudi. Siku moja ilipotea katikati ya kuandika, na sura ya tatu ya TFC ya mama mmoja, pamoja na masahihisho yote, ikaharibika. Tuliiandika upya siku tatu, bila faranga hata moja, na yule mama hakurudi tena kwetu. Alikuwa na haki.

Nilipomwelezea mama yangu, hakunigombeza. Aliuliza tu: «Mwanangu, mimi nikipanga meza yangu ya soko, sinaacha nafasi ya vitunguu ambavyo sijanunua bado? Wewe ulipanga meza ya namna gani?» Neno hilo ndilo somo lote. Yanayofuata ni hesabu yake.

3. KARATASI MBILI

Mbele ya kwenda dukani, kaa chini na karatasi mbili.

Katika karatasi ya kwanza andika vitu ambavyo ordinatere yako itafungwa navyo siku ya kwanza: diski ngapi, bareti ngapi, karte gani, vitu vingapi vya USB.

Katika karatasi ya pili andika vitu ambavyo unaweza kuhitaji ndani ya miaka mitatu. Usiandike ndoto. Andika kazi. «Nitaweka kopi ya kazi za watu», hiyo ni diski ya pili. «Nitaunganisha mashini mbili za biro», hiyo inaweza kuomba karte ya rezo. «Nitafundisha wengine kuchora na kupanga sinema», hiyo ni karte ya picha na memwari nyingi.

Jumlisha karatasi zote mbili. Karte-mere inapaswa kutosha jumla hiyo, si karatasi ya kwanza peke yake. Kama inatosha na sloti moja inabaki tupu, vizuri zaidi.

4. UKUBWA

Karte-mere zinatengenezwa kwa vipimo vinavyojulikana. Mitatu inatosha kwetu:

ATX, milimetre 305 kwa 244, inaweza kuwa na sloti mpaka 7. Kipimo hiki kilitolewa na Intel mwaka 1995.
Micro-ATX, milimetre 244 kwa 244, inaweza kuwa na sloti mpaka 4.
Mini-ITX, milimetre 170 kwa 170, ina sloti 1 tu.

Ile yangu ilikuwa mini-ITX. Si karte mbaya. Inafaa mtu anayetaka mashini ndogo na anajua kama hataongeza kitu. Mimi sikujua, ndiyo shida.

Angalia tena kwamba ATX haiingii katika bwatie ndogo, lakini micro-ATX inaingia katika bwatie ya ATX bila taabu. Ukiwa na wasiwasi, nunua bwatie kubwa. Na neno «mpaka» lisikudanganye: kuna ATX yenye sloti 3 tu. Hesabu kwa kidole.

5. SLOTI: UREFU NA NJIA

Sloti za leo zinaitwa PCI Express, na zilianza mwaka 2003. Zinaandikwa x1, x4, x8 au x16. Hesabu hiyo ni idadi ya njia ambazo habari inapita. Sloti ya x1 ni fupi kama kiungo cha kidole, ile ya x16 ni ndefu kuliko zote.

Katika PCI Express ya kizazi cha 3, njia moja inapitisha karibu gigaokteti 1 kwa sekunde. Katika kizazi cha 4 ni karibu 2, na katika cha 5 karibu 4. Sasa tuhesabu. Karte ya rezo ya gigabiti 1 inapitisha megaokteti 125 kwa sekunde. Kumbe x1 inaitosha, na nafasi kubwa inabaki. Karte ya Wi-Fi vile vile. Karte ya picha ndiyo inayotaka x16.

Karte fupi inaweza kukaa katika sloti ndefu, nayo itafanya kazi. Lakini kuna mitego miwili.

Mtego wa kwanza: sloti inaweza kuwa ndefu kama x16, lakini ndani yake njia zilizofungwa ni 4 tu. Macho yanaona x16, umeme unaona x4. Kitabu cha karte-mere kinaandika ukweli huo, na mara nyingi ubao wenyewe pia, kwa herufi ndogo kando ya sloti.

Mtego wa pili: karte nyingi za picha ni nene, zinachukua nafasi ya sloti mbili. Ile x1 iliyo chini yake inafunikwa. Ipo, lakini hutaitumia. Hesabu sloti zinazobaki nyuma ya kuweka karte nene, si mbele yake.

6. BARETI ZA MEMWARI

Uliza maneno matatu: mahali ni pangapi, mwisho ni gigaokteti ngapi, na ni DDR ya namba gani.

DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Kila moja ina kipengele mahali pake, na ukilazimisha utavunja. Usimwamini mtu anayekuambia «zote ni bareti». Karte-mere za Intel za soketi LGA1700, iliyotoka mwaka 2021, kuna zinazotaka DDR4 na kuna zinazotaka DDR5. Soketi ni moja, bareti si moja. Zile za AMD za soketi AM5, ya mwaka 2022, zinataka DDR5 tu.

Kama mahali ni pawili na pesa ni ya bareti moja kubwa, nunua hiyo moja, uache pa pili patupu. Ni kweli kama bareti mbili pamoja zinakwenda mbio kidogo kuliko moja. Lakini ukijaza pawili kwa bareti ndogo, siku ya kuongeza utatoa zote na kuziuza bei ya hasara. Mimi nilifanya hivyo.

Ukipata ya okazio ya ukoo wa H61, uliotoka mwaka 2011, jua kama ukoo huo unafika bareti mbili za DDR3, jumla gigaokteti 16, basi. Kwa kuandika barua inatosha. Kwa kukua, hapana.

7. DISKI

Diski za kawaida zinafungwa kwa waya wa SATA. Kizazi cha 3 cha SATA kinapitisha karibu megaokteti 600 kwa sekunde. Siku hizi kuna tena mahali pa M.2, pa kulaza diski fupi kama kipande cha shingamu juu ya ubao wenyewe. Diski ya NVMe inatumia njia 4 za PCI Express, kwa hiyo katika kizazi cha 3 inaweza kukaribia gigaokteti 4 kwa sekunde.

Lakini sikieni vizuri: katika karte-mere nyingi, ukiweka diski katika M.2, mahali pamoja au pawili pa SATA panazimika. Njia ni zile zile, zinagawanywa. Mtu anahesabu SATA 4 na M.2 1, anasema «niko na diski 5», kumbe ni 4. Jambo hilo limeandikwa katika kitabu cha karte. Kama karto haina kitabu, chukua namba ya karte iliyoandikwa juu ya ubao, tafuta kitabu chake katika intaneti mbele ya kulipa.

Na sisi wa Majengo tuko na sababu yetu ya kutaka diski ya pili. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilipasuka, na tarehe 27 serikali ikaamuru mitaa 10 ya Goma ihame, Majengo ikiwa mmoja wao. Mwenye ordinatere ya meza aliiacha nyumbani, maana huwezi kubeba mtoto, godoro na ordinatere. Diski ya kopi inaingia mfukoni. Karte-mere iwe na mahali pake, na bwatie iwe na mlango wa kuitoa mbio.

8. PROSESERE YA KESHO, NA UMEME

Kuongeza ni pamoja na kubadilisha prosesere. Soketi AM4 ya AMD ilipokea Ryzen za mwaka 2017, na mwaka 2022 bado zilitoka prosesere mpya za soketi ile ile, ingawa karte ya zamani inahitaji kufanywa upya BIOS yake. Kwa Intel, soketi moja mara nyingi inapokea vizazi viwili au vitatu tu. Tena jihadhari: prosesere za Core za kizazi cha 8 zinatumia LGA1151 kama zile za 6 na 7, zinaingia vizuri kabisa, lakini karte-mere za mbele hazikutengenezwa kwa ajili yao. Kuingia si kukubaliana.

Sloti ya x16 inaweza kutoa vati 75 tu. Karte ya picha inayokula zaidi inataka waya wake kutoka kwa alimantasio. Na mlango wa USB 2 unatoa miliamperi 500, ule wa USB 3 unatoa 900. Ndiyo sababu diski yetu ilikuwa inapotea: kipande cha kugawa hakikuwa na umeme wake, basi diski na skaneri walikuwa wanagombania chakula cha mtu mmoja.

Mwisho wa neno la umeme: karte-mere nyingi zilizotolewa katika mashini za ofisi haziko na tundu la kawaida la nyuzi 24. Zinataka alimantasio ya kwao tu. Bei yake inavutia, lakini siku alimantasio itakapokufa utatafuta sana.

9. DUKANI

Mbele ya kutoa pesa fanya haya:

a) Soma namba ya karte juu ya ubao wenyewe, si juu ya karto tu. Karto inaweza kuwa ya ingine.
b) Angalia soketi kwa mwanga. Katika karte za Intel za siku hizi na AM5, meno madogo yako juu ya ubao. Jino moja likipinda, mahali pa bareti au sloti nzima panaweza kufa.
c) Angalia kama kondansatere zimevimba au zimevuja.
d) Omba iwashwe mbele yako, na bareti ijaribiwe katika kila mahali, pamoja kwa pamoja. Fundi wa kweli hatakasirika.
e) Linganisha na karatasi zako mbili. Kama haitoshi, sema «aksanti, nitarudi», na uondoke. Haya ya dakika moja ni bei ndogo.

10. NA KAMA UMEISHA KUNUNUA NDOGO?

Usiitupe. Leo, kwa ile karte yangu, ningefanya hivi: ningetoa karte ya Wi-Fi na kutumia kle ndogo ya Wi-Fi ya USB, sloti ibaki kwa karte ya picha, ekra ya pili ipatikane. Ningetoa ile mashini ya DVD, ambayo watu wanaiomba mara moja kwa mwezi, na waya wake ningepatia diski ya pili. Ningenunua kipande cha kugawa USB chenye umeme wake. Mambo matatu madogo. Yangetosha mwaka mmoja au miwili. Lakini nilikuwa na haya ya kuuliza, nikakaa kimya mpaka kazi ya mtu ikaharibika. Tukaiuza kwa hasara na kununua micro-ATX ya okazio yenye sloti 4 na bareti 4.

11. ZOEZI

Mnunuzi anataka: karte ya Wi-Fi, karte ya rezo, diski 3 za SATA, na memwari gigaokteti 16 leo, 32 kesho. Ameonyeshwa karte tatu.

A: ATX, x16 moja, x1 nne, bareti 2, mwisho 16, SATA 6.
B: micro-ATX, x16 moja, x1 mbili, bareti 4, mwisho 64, SATA 4, M.2 moja inayozima SATA moja.
C: mini-ITX, x16 moja, bareti 2, mwisho 64, SATA 4.

Funika mistari inayofuata kwa mkono, ujibu kwanza.

Jibu: A ni kubwa kuliko zote, lakini memwari yake inasimama kwa 16. C ina memwari, lakini karte mbili haziwezi kukaa katika sloti moja. B inatosha: karte mbili katika x1 mbili, x16 inabaki tupu, na hata M.2 ikitumika SATA 3 zinabaki. Ukubwa peke yake haukujibu swali.

Swali la pili: mnunuzi huyo akiongeza karte ya picha nene inayofunika x1 moja, afanye nini katika B? Karte ya rezo ikae katika x1 inayobaki, Wi-Fi ihamie kwa kle ya USB.

Ndugu zangu, vitu hivi si vitu vya mbali. Tantale iliyomo katika kondansatere za simu na mashini nyingi inatoka katika koltani, na koltani inachimbwa Rubaya, kule Masisi. Kasiteriti ya Walikale inatoa bati, na kwa bati vipande vinaunganishwa juu ya ubao. Udongo wa kwetu umo ndani. Inafaa tujue kuhesabu sloti zake.

Deni la mama nimelipa nusu, kwa kazi ya kuandika siku za mapumziko. Nusu ingine inabaki, na Egzameni ya Serikali inakaribia. Wale wa mwaka wa nne, msinisimamishe tena mlangoni. Mnikute siku ya posho, nyuma ya masomo, chini ya mti karibu na ofisi ya Bwana Prefe. Leteni karatasi zenu mbili. Pesa ibaki nyumbani kwanza.

Kapita wa shule, finalisti